Mwalimu wa cheti unataka diploma au digrii? Anza na barua, ada itafuata

Walimu wenzangu wa Tanzania wa Grade A, yaani wa cheti, mnaotaka kujiendeleza, niwaambie mapema, kusoma siyo shughuli, shughuli ni makaratasi. Nina rafiki yangu alisoma kwa hela ya mkopo wa benki akamaliza vizuri tu, kupeleka cheti ofisini akaulizwa barua ya ruhusa iko wapi, hana, basi mpaka leo digrii iko kabatini na mshahara ni ule ule wa TGTS B (ngazi ya mshahara ya mwalimu wa cheti).

Kwa hiyo anzia hapo. Kabla hujaomba chuo andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, ndo mwajiri wako, ipitie kwa mwalimu mkuu, afisa elimu kata na afisa elimu msingi, omba uingizwe kwenye mpango wa mafunzo. Usikasirike wakikwambia subiri mwakani, shule ina walimu wanne na wewe unaomba kukaa chuo miaka mitatu, mwalimu mkuu hata akupende vipi atasita. Kila barua toa kopi, na hiyo kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe (mafaili yanapotea jamani, tusidanganyane). Ukiondoka kimya kimya huo ni utoro kazini na TSC, yaani Tume ya Utumishi wa Walimu, kwenye utoro hawana utani, ajira inaondoka.

Kozi sasa. Kama una form four na cheti pita diploma kwanza. Mwenye form six na principal pass mbili (masomo mawili aliyofaulu kwa kiwango kamili cha form six) anaweza kuingia digrii moja kwa moja, na mwenye diploma ya ualimu mara nyingi anatakiwa wastani wa B, ila mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unatoka kila mwaka, usome wa mwaka huo huo siyo wa kaka yako. Soma ualimu! Kuna watu wanakimbilia kozi za utawala au maendeleo ya jamii sababu ni rahisi, halafu wanashangaa hawabadilishiwi muundo (kuhamishiwa ngazi ya kazi na mshahara ya elimu mpya) wakati bado wako darasani.

Usipopata ruhusa ya kukaa chuoni kuna Open, Chuo Kikuu Huria, kipo tangu miaka ya 90 na kina vituo mikoani, unafundisha huku unasoma. Kusema ukweli ni kujitesa kidogo, unasahihisha madaftari ya darasa la tano mpaka saa nne usiku ndo unafungua desa lako (notsi za chuo), ila mshahara haukatiki na ada unalipa kidogo kidogo. Hata huku nako barua ya mwajiri unaihitaji, msijifanye wajanja.

Ukimaliza peleka maombi ya kubadilishiwa muundo haraka, ambatisha cheti, transcript, barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na ile ya ruhusa. Diploma inaanzia TGTS C, digrii D. Sasa kama ushapanda madaraja kwa miaka mingi na mshahara wako umeshapita huo wa kuanzia, uliza afisa utumishi habari ya mshahara binafsi, yaani unabaki na hela yako huku ukiwa kwenye muundo mpya, na uliza kabla hujasaini chochote.