Jinsi ya Kutazama Ushindi wa Seabiscuit wa 1938

Wengi wakiipata filamu ya mbio za farasi wawili wa Marekani, Seabiscuit na War Admiral, huruka moja kwa moja hadi mwisho. Tafadhali usifanye hivyo. Utamu uko mwanzoni.

Kwanza wajue wenyewe. Seabiscuit alishindwa mbio zake 17 za mwanzo, akauzwa dola 8,000 mwaka 1936. War Admiral alitwaa mataji yote matatu makubwa ya Marekani mwaka 1937. Ukiambiwa kifarasi kiliangusha jitu, usikubali. Kwa kimo walikaribiana sana, tena ni damu moja: War Admiral ni mtoto wa farasi mashuhuri Man o' War, Seabiscuit ni mjukuu wake. Baba mdogo anakimbizana na mtoto wa kaka yake!

Sasa anza filamu, sauti umeizima. Ni tarehe 1 Novemba, uwanja wa Pimlico, Baltimore. Hakuna vizimba vya kuanzia; farasi wawili wanatembea sambamba mpaka kengele ilie. War Admiral ndiye aliyesifika kwa kuchomoka, na ndiye aliye upande wa ndani, kwenye njia fupi. Wewe mkazie macho Seabiscuit. Mwalimu wake, Tom Smith, alimzoeza kuchomoka akisikia kengele tu, na kweli anatoka kama mshale, anatangulia, kisha anahamia ndani mbele ya mwenzake. Simamisha hapo, rudisha nyuma, tazama tena. Mimi sichoki kuirudia.

Upande wa mbali wa uwanja War Admiral anamfikia. Usidhani Seabiscuit kachoka. Red Pollard, mpandaji wake wa siku zote, alikuwa akiuguza mguu uliovunjika. Alimshauri George Woolf, aliyeshika nafasi yake, amwache mpinzani asogee, maana Seabiscuit hupandwa na mori akimwona mwenzake jicho kwa jicho. Wanakwenda bega kwa bega, halafu Seabiscuit anajitenga na kushinda kwa urefu wa farasi wanne.

Baadaye tafuta matangazo ya redio ya Clem McCarthy, uyasikilize umefumba macho. Umati ulimzuia kufika kibandani kwake, akatangazia kwenye uzio. Inakadiriwa watu milioni 40 walimsikiliza, wengi wakiwa wametoka kwenye miaka ya kukosa kazi. Hao ndio waliompenda Seabiscuit kuliko wote.

Ukimaliza, nenda kwenye mbio za Santa Anita, California, za tarehe 2 Machi 1940. Pollard amerudi mgongoni, na farasi anashinda pale pale alipokosa ushindi kwa ncha ya pua mwaka 1937 na tena 1938.