Jinsi ya kufungua shauri la talaka ukiwa kijijini, na kuitafuta talaka ya zamani

Kila baada ya muda ananijia mtu na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Anaifungua taratibu asiichane, kisha ananipa nisome: mume kaandika kuwa amemwacha mkewe talaka tatu, chini kuna sahihi mbili za mashahidi. "Mwanangu, mimi nimeshaachwa miaka sita, sasa nataka kuolewa. Mbona bomani wananidai hati?"

Wanamdai kwa sababu kwa sheria bado ni mke wa mtu. Tanzania Bara, tangu Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa ya kanisani, ya msikitini, ya kimila na ya bomani zote huvunjwa na mahakama. (Zanzibar kuna Mahakama ya Kadhi, na utaratibu wake ni mwingine kabisa.) Mimi ni msaidizi wa kisheria katika vijiji vya mkoa wa Dodoma. Ninayoandika hapa ni yale ninayowaeleza watu chini ya mwembe, kwa mpangilio uleule.

Hatua ya 1: Kusanya uthibitisho wa ndoa

Kama una cheti cha ndoa, toa kivuli na uache cha asili mahali salama. Kama kimepotea, rudi mlikofungia ndoa, kwa maana kanisa, msikiti na ofisi ya Mkuu wa Wilaya hutunza vitabu vya ndoa. Nakala iliyothibitishwa unaweza pia kuiomba RITA, wakala wa serikali unaosajili ndoa na talaka.

Ndoa ya kimila ambayo haikuandikishwa nayo ni ndoa. Hapo utahitaji watu: mshenga, aliyepokea mahari, jirani aliyewaona mkiishi. Wapo pia waliokaa pamoja bila sherehe yoyote. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawajua kama mume na mke, mtachukuliwa kuwa mmeoana mpaka ithibitike vinginevyo.

Hesabu pia umri wa ndoa. Ikiwa haijatimiza miaka miwili, huwezi kuomba talaka bila kibali cha mahakama, na kibali hicho hutolewa pale tu unapoonyesha kwamba unapitia mateso yasiyo ya kawaida.

Hatua ya 2: Baraza la usuluhishi. Usiiruke hatua hii

Mashauri mengi hufia hapa, na baadhi yake hufa baada ya mtu kushinda. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri, hukumu na mgawanyo wa mali vikiwemo, kwa kuwa hapakuwa na hati halali ya baraza. Wahusika walirudishwa mwanzo.

Kifungu cha 101 kinataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Uthibitisho huo ni Fomu Na. 3. Barua ya mtendaji wa kijiji haitoshi, wala muhtasari wa kikao cha ukoo, hata kama mjomba aliyekiongoza anaheshimika tarafa nzima. Baraza linalokubalika ni la kata, au la dini lililotambuliwa kisheria, kama yale ya BAKWATA na ya makanisa. Linakuwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano.

Ukipewa fomu, isome kabla hujaondoka. Majina yafanane na ya cheti, tarehe iwepo, mwenyekiti awe ametia sahihi, na iandikwe waziwazi kwamba baraza limeshindwa kusuluhisha. Niliwahi kumsindikiza mama mmoja kilomita nyingi kwa bodaboda, tukafika mahakamani karani akatuonyesha kwamba fomu haina tarehe. Tulirudi. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliutazama muhuri nikaridhika.

Fomu hiyo inaishi miezi sita. Ukiiweka kabatini ukingoja kuvuna alizeti ili upate ada, itakuwa imechacha. Na msimu wa kilimo wajumbe wako shambani, akidi haitimii, kwa hiyo anza mapema.

Mwenzio akikataa kuja barazani, usikate tamaa. Hakikisha baraza linaandika kwamba aliitwa na akagoma, maana sheria inakuruhusu kuendelea. Vilevile unaweza kwenda mahakamani bila kupita barazani ikiwa alikutoroka na hajulikani aliko, ikiwa anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, au ikiwa anatumikia kifungo cha maisha au cha miaka mitano na zaidi. Sababu hiyo utaieleza mahakamani na kuithibitisha, haitoshi kuitaja tu.

Kwa Waislamu kuna jambo wengi hawalijui. Baraza likishathibitisha kwamba limeshindwa, kisha mume akatoa talaka kwa taratibu za dini, kifungu cha 107(3) kinaitaka mahakama ikubali kwamba ndoa imevunjika isirekebishike. Kwa hiyo ni baraza kwanza, talaka ya dini baadaye, kisha mahakama. Yule mama wa karatasi ya daftari aliyafanya kinyume, ndiyo maana tulianza upya barazani.

Hatua ya 3: Fungua shauri

Kifungu cha 76 kinaziruhusu Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu kusikiliza talaka. Kwa mtu wa kijijini, ushauri wangu ni Mahakama ya Mwanzo: iko karibu, na kila kitu kinaendeshwa kwa Kiswahili.

Kwenye maombi yako andika lini na wapi mlioana, majina, umri na jinsia ya watoto, kama mliwahi kushtakiana kuhusu ndoa hiyo, nini kimeivunja ndoa, na unaomba nini. Hilo la mwisho husahaulika sana. Mtu huandika kurasa nne za ugomvi, akasahau kuomba matunzo ya watoto. Ambatisha Fomu Na. 3, lipa ada na udai risiti ya serikali.

Mahakama haitafuti nani mbaya zaidi. Inatafuta kama ndoa imevunjika kabisa: uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa makusudi, kuachwa kwa miaka isiyopungua mitatu na mengineyo. Kama ulipigwa, PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) na taarifa uliyotoa Dawati la Jinsia la polisi vina uzito kuliko machozi.

Hatua ya 4: Mali

Bado nasikia wanaume wakisema, "Huyu alikuwa mama wa nyumbani, hakuchangia kitu." Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini mahakama hupima ukubwa wa mchango, haigawi nusu kwa nusu moja kwa moja. Basi njoo na orodha: shamba lipi, lilinunuliwa lini, nani alilima, ng'ombe wangapi, bati zilitoka wapi. Leta risiti, karatasi za mauziano zenye muhuri wa kijiji, hati ya kimila ya ardhi, na jirani aliyekuona ukisomba maji ya kufyatulia matofali.

Ukihisi mwenzio ataiuza nyumba mnayoishi kabla ya hukumu, jua kwamba kifungu cha 59 kinamkataza kuiuza bila ridhaa yako. Omba zuio mapema.

Hatua ya 5: Tuzo na RITA

Hukumu ikisomwa, usiridhike na kuisikia. Omba kwa barua nakala iliyothibitishwa ya hukumu na ya tuzo, yaani ile amri fupi inayosema ndoa imevunjwa. Kisha peleka tuzo na cheti cha ndoa RITA talaka isajiliwe. Wilayani, anza kuulizia kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Unapotafuta talaka ya zamani

Labda mliachana kihalali zamani na karatasi zikaliwa na mchwa, au mzee amefariki na warithi wanabishana kama mke wa kwanza aliachwa. Anzia mahakama iliyotoa talaka. Ukiwa na namba ya shauri, kazi ni nyepesi. Ukiwa huna, mpe karani majina kamili ya wote wawili kama yalivyoandikwa wakati ule, na mwaka. Mwaka ukiwa umesahaulika, kumbuka kwa matukio: mtoto gani alikuwa ananyonya, nani alikuwa diwani. Karani atapekua rejista ya mwaka huo. Jalada lisipokuwepo hapo, uliza Mahakama ya Wilaya, hasa kama kulikuwa na rufaa au kama mahakama ile ya kijijini ilifungwa. Ulizia na RITA, huenda ilisajiliwa.

Usihangaike kuitafuta hukumu ya Mahakama ya Mwanzo mtandaoni. TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania, inachapisha hasa za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, kwa hiyo inakufaa tu ikiwa shauri lenu lilipanda juu.

Ukiipata, toa vivuli vitatu siku hiyohiyo mjini, kabla hujapanda gari la kurudi. Kimoja mpe mama yako akuwekee.