Somo: Kuomba kiwango cha matunzo ya mtoto kibadilishwe baada ya talaka

Amri ya matunzo haijui kwamba umeachishwa kazi. Wala haijui kwamba yule aliyekuwa ananyonya siku ya talaka sasa anavaa sare za shule. Kiasi kilichoandikwa kitaendelea kudaiwa mwezi hadi mwezi mpaka mahakama iliyokipanga ikibadilishe. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoumia, ndiyo maana nimeanza napo.

Hatua ya 1: Isome amri yenyewe. Usitegemee unavyoikumbuka. Tazama kiasi, tarehe ya kulipa, inakoma mtoto akifika umri gani, na kama ada na matibabu vimetengwa kando. Wakati mwingine kinachogombaniwa tayari kimo humo.

Hatua ya 2: Eleza kilichobadilika. Hakimu hafufui kesi ya talaka, kwa hiyo yaliyowatenganisha yaache nyumbani. Anachotaka kujua ni kitu gani kikubwa kimebadilika tangu amri itoke, na kama kitadumu. Ugonjwa, kupoteza kazi, mtoto kuhamia kwa mzazi mwingine, kipato cha mlipaji kupanda: hayo yana uzito. Mwezi mmoja mgumu hautoshi. Na ukiacha kazi makusudi ili ulipe kidogo, mahakama nyingi zitakupigia hesabu kwa uwezo wako wa kuchuma, si kwa mfuko uliotoboa mwenyewe.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi. Mama mmoja niliyemsaidia alikuja na mfuko wa risiti, nyingine zimefifia hata tarehe haisomeki. Tulikaa sakafuni tukazipanga mwezi kwa mwezi, kisha tukapiga mistari kwenye daftari: tarehe, kitu, kiasi, nani alilipa. Kufika ukurasa wa tatu ilionekana wazi kwamba dawa za pumu za mwanawe zilikuwa zinameza karibu nusu ya matunzo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe sikuwa mzembe." Daftari lile lilizungumza kuliko maelezo yoyote. Piga picha risiti zako leo, maana karatasi zile za mashine hufutika. Anayeomba kupunguziwa naye alete barua ya kuachishwa kazi, taarifa za benki na vyeti vya daktari.

Hatua ya 4: Ongea na mzazi mwenzio, kama ni salama. Mkikubaliana, andikeni, mtie saini wote, mpeleke mahakamani makubaliano yawe amri. Neno la mdomo halipunguzi deni, hata kama mlielewana vizuri siku hiyo.

Hatua ya 5: Wasilisha ombi mapema. Kwa kawaida huwa ni ombi pamoja na hati ya kiapo (maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni ya kweli) katika shauri lilelile, na mwenzio hupewa nakala ajibu. Usingoje. Kwa kawaida nafuu haivuki nyuma ya siku ulipowasilisha ombi. Malimbikizo ya kabla ya hapo yanabaki shingoni mwako. Huku ukisubiri, lipa unachoweza kwa njia inayoacha kumbukumbu.

Maswali ya wanachama

*Baba watoto hajalipa miezi minne. Nimzuie asimwone mtoto?*
Hapana, dada yangu. Kumwona mzazi ni haki ya mtoto, haifungwi kwa sababu ya deni. Wewe huhitaji hata kubadilisha kiwango; omba utekelezaji wa amri, kwa mfano makato kwenye mshahara wake.

*Nimeoa tena, nina mtoto mchanga. Nitapunguziwa?*
Huenda mzigo mpya ukazingatiwa, kaka, lakini usiupe uhakika. Wa kwanza haachi kula kwa sababu amepata mdogo wake.

*Lazima niwe na wakili?*
Mara nyingi si lazima. Muulize karani wa mahakama fomu zinazotakiwa, na utafute msaada wa kisheria wa bure ukiona mambo yamekuwa mazito.

*Mwenzangu amehamia nchi nyingine. Ndiyo basi?*
Bado. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inazitaka nchi zihakikishe matunzo yanapatikana hata mzazi akiwa nje. Upo pia Mkataba wa Hague wa 2007 unaohusu kudai matunzo ng'ambo. Uliza kama nchi zote mbili zimejiunga nao. Zikiwa zimejiunga, kuna ofisi maalumu ya kupokea ombi lako hapo ulipo na kulipeleka kule aliko. Nenda na nakala ya amri iliyothibitishwa na mahakama, pamoja na anwani yake ya mwisho unayoijua.