Ukipanda ndege na mashine ya CPAP

Ndugu unayelala na mashine ya CPAP, ile inayokupulizia hewa kwa barakoa, kwa sababu pumzi hukatika usingizini, tafadhali usiikabidhi kaunta pamoja na mabegi makubwa. Ingia nayo ndani, na barua ya daktari. Kabla ya kutoka nyumbani mwaga maji yote ya kitangi chake cha kuipa hewa unyevu, ukikaushe. Yakibaki hupenya hadi kwenye mota. Wakaguzi wakitaka uitoe begini, itandikie kitambaa safi kwenye trei, maana hewa yake ndiyo utakayovuta usiku kucha. Betri ya akiba ya lithiamu nayo ibaki nawe. Ikizidi wati-saa 100 (kipimo cha umeme inaohifadhi), omba kibali cha shirika la ndege mapema. Mashine nyingi hupokea volti 100 hadi 240, ila plagi ya Dar haiingii Marekani: beba adapta.