Kupima resista ya 0.1 Ω kwa waya nne, ukiwa na betri na multimita moja

Gusanisha ncha za multimita yako uone: kioo kitasoma labda 0.2 au 0.3 Ω. Huo ni ukinzani wa waya za multimita zenyewe. Resista ya 0.1 Ω utaipimaje kwa waya zinazoizidi? Mafundi wengi wa sola hapa Arusha huondoa ile namba kwenye jibu, wakaridhika. Kutafuta fyuzi iliyoungua, sawa. Kwa resista itakayopima mkondo wa betri za mteja, hapana.

Dawa ni kuacha kabisa kupima omu. Pitisha mkondo mmoja kwenye resista mbili zinazofuatana, yako na ya rejea, yaani yenye cheti cha ugezi (kalibresheni) kinachotaja ukinzani wake kamili, halafu linganisha volteji. Mkondo ni uleule, kwa hiyo uwiano wa volteji ndio uwiano wa ukinzani.

Hatua ya 1. Andaa betri ya 12 V, resista ya waya ya 12 Ω (wati 25 au zaidi), rejea ya 0.1 Ω, na multimita inayosoma hadi 0.01 mV. Betri naipenda kuliko pawa saplai. Huku mtaani kwetu Unga Limited, jirani akiwasha mashine ya kuchomelea, taa zote zinafifia.

Hatua ya 2. Unga vyote kwa mfululizo. Ile ya 12 Ω iweke mbali, maana inachemka, na joto likifika upande mmoja tu wa viungio litazalisha volteji yake.

Hatua ya 3. Waya za multimita zishike mwili wa resista, ndani ya viungio vya mkondo. Ndizo waya nne: mbili za mkondo, mbili za kusoma volteji. Zisigusane na klipu za betri hata kidogo. Acha mkondo upite dakika chache, namba itulie.

Hatua ya 4, na hapa ndipo wengi wanaporuka. Soma volteji, kisha geuza waya kwenye betri, usome tena. Ni kwenye betri, si kwenye multimita! Shaba ikikutana na risasi ya kulehemu penye tofauti ya joto, huzaa maikrovolti kadhaa, na hizo hazijali mkondo unaelekea wapi. Ukigeuza mkondo, volteji ya resista inageuka, hizo zinabaki. Ukigeuza ncha za multimita, vyote vinageuka pamoja na hujapata kitu.

Resista yangu ilisoma 102.90 na −102.86 mV. Bila kujali alama, wastani ni 102.88.

Hatua ya 5. Betri hushuka taratibu, kwa hiyo rejea isome kabla na baada, nayo kwa pande zote mbili. Mimi nilipata 102.50 kabla, 102.46 baada, wastani 102.48.

Hatua ya 6. Cheti cha rejea kinasema 0.10002 Ω. Basi 0.10002 × 102.88 ÷ 102.48 = 0.1004 Ω.

Andika na joto la chumba. Asubuhi ya Julai karakana ni baridi, mchana bati linawaka. Manganini, aloi ya kutengenezea resista za usahihi, haitikisiki sana, lakini ukinzani wa shaba hubadilika karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi ya Selsiasi.

Kikokotoo kitakupa 0.10041, lakini usiiandike hivyo. Tarakimu ya mwisho ya multimita, 0.01 mV, peke yake ni karibu asilimia 0.01 ya usomaji, na bado hujahesabu shaka (kiasi ambacho thamani inaweza kupotoka) iliyoandikwa kwenye cheti cha rejea.