Kuongeza chumba kwenye nyumba mnayoishi: anzeni na paa

Familia nyingi za Moshi zinapoamua kuongeza chumba, iwe ni kwa ajili ya bibi anayeshuka mjini kutoka Kibosho au ya vijana waliokua na hawawezi tena kulala na wadogo zao, kazi ya kwanza huwa ni kuagiza lori la mawe na kuchimba msingi. Nawasihi muanzie juu. Nyongeza ni mara chache kuharibika katikati yake. Huharibika pale inapokutana na nyumba ya zamani, na mahali pa kwanza pa kukutana, tena penye maji mengi kuliko pengine pote, ni paa.

Pimeni urefu kutoka sakafuni hadi chini ya bati, pale paa la sasa linapoishia. Tuseme ni mita 2.7. Bati la nyongeza likipita chini ya lile la zamani linahitaji mteremko, na kwa bati la kawaida la migongo sishauri mteremko wa chini ya sentimita 20 kwa kila mita, kwa sababu mvua ya masika ikija na upepo husukuma maji yakapanda na kuingia kwenye maungio. Chumba chenye kina cha mita 3.5 kitashusha bati kwa sentimita 70, na ukuta wa nje utabaki na mita 2 tu, kimo ambacho ni pungufu ya mlango wa kawaida. Hapo ndipo wengi huamua kulilaza bati, na mwaka haupiti kabla dari haijaanza kuoza.

Ikiwa nyumba yenu ina gebo (ukuta unaopanda kama pembetatu hadi mgongo wa paa) upande mmoja na kiwanja kinaruhusu, jengeni upande huo: mgongo wa paa unaendelea, kenchi mpya zinafuata mteremko wa zile za zamani, na maji hayapati mahali pa kutuama. Ikiwa nafasi iko nyuma tu, punguzeni kina cha chumba mkirefushe kwa kufuata ukuta wa nyumba. Kuna njia nyingine, ya kuweka mgongo mpya unaoingia kwenye paa la zamani kwa pembe, lakini inazaa vali mbili (mifereji pale miteremko ya mapaa inapokutana) ambazo lazima zitengenezwe na seremala mzoefu, na sioni kama ni kazi ya familia kujifunzia.

Paa likishaamuliwa, mchoro unajichora wenyewe kwa sehemu kubwa. Upelekeni halmashauri, yaani Manispaa ya Moshi, au Jiji kwa walio Arusha, mkaombe kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba, na ofisi ya serikali ya mtaa ipate taarifa mapema. Siku hiyohiyo tafuteni bomba la maji na karo (shimo la maji taka) vilipo. Nyumba zetu nyingi zimechimbiwa karo nyuma, upande uleule unaotamaniwa kwa nyongeza, na chumba kilichojengwa juu ya karo ni hatari kwa wanaolala humo.

Kuhusu majira, miezi mikavu ya Juni hadi Septemba ndiyo inayofaa zaidi, na Januari na Februari zinafuata. Wengi wetu hukusanyika nyumbani Desemba na kutaka kuutumia mkusanyiko huo kujenga. Watu wa Desemba watumieni kusomba mawe, kufyatua matofali na kukata nondo, lakini msingi usiachwe wazi hadi Machi.

Kabla ya kuchimba mtaro, chimbeni shimo dogo kando ya ukuta wa zamani hadi mwone msingi wake unaishia wapi. Karibu na ukuta huo, mtaro mpya usizidi kina hicho, maana mkipita chini yake mnaiondolea nyumba mahali pa kusimama. Ikiwa udongo mgumu uko chini zaidi, mwiteni fundi mwashi mzoefu, na kazi ifanywe kwa vipande vya mita moja, kimoja kikijazwa kabla kingine hakijachimbwa. Kwenye udongo mwekundu wa upande wa mlimani mambo huwa mepesi. Ukishuka tambarare kuelekea Chekereni na Kahe kuna sehemu zenye udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukiona nyufa zinazoingia kiganja wakati wa kiangazi, usijenge juu yake kwa makisio, bali mwite mhandisi aseme utolewe kiasi gani.

Kona zipigwe mraba kwa kamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kamba ya kukatisha isome mita 5 kamili. Rudieni kipimo hicho hata kama fundi anasema jicho lake linatosha.

Sasa tufike kwenye ukuta. Desturi iliyozoeleka ni kubomoa meno kwenye ukuta wa zamani na kuingiza matofali mapya ili vishikane. Ninaipinga desturi hiyo. Nyumba ya miaka ishirini imekwisha kutulia ardhini, ilhali chumba kipya bado kitatitia kidogo, na kikiwa kimeng'ang'ania ukuta wa zamani kitaupasua au kitapasuka chenyewe, kwa ufa wa ngazi unaofuata udongo wa maungio, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga kati ya matofali. Simamisheni nguzo ya zege katika kila kona inayogusana na nyumba, na kati ya nguzo na ukuta wa zamani wekeni povu gumu, kama lile linalofungashiwa televisheni, lenye unene wa sentimita 2, kutoka msingini hadi juu. Kuta mpya zitajishikilia zenyewe kwa nguzo hizo, kwa mkanda wa chini (wa zege, juu ya msingi) na kwa lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) inayozunguka bila kukatika. Mkanda na lenta viwe na nondo nne za milimita 12, na ringi kila sentimita 20. Walio Arusha hasa wasione huo kuwa ufujaji: mnamo Julai 2007 ardhi ilitetemeka upande wa Ziwa Natron na Ol Doinyo Lengai, tetemeko kubwa likifikia kipimo cha 5.9, na likasikika mbali.

Zege ndilo eneo ambalo familia inaweza kufanya kazi bora kuliko kibarua wa kulipwa, kwa sababu ubora wake hutokana na uangalifu, nao uangalifu mnao. Kwa mkanda, nguzo na lenta tumieni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo unadai ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga na ndoo saba za kokoto. Pimeni kwa ndoo, kamwe si kwa koleo. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko; wanaochanganya watalalamika kwamba zege ni zito, na jibu ni kulishindilia vizuri kwa fimbo ya nondo, wala si kuongeza maji. Mchanga nao uthibitishwe kabla lori halijamwaga: jazeni nusu chupa ya kioo kwa mchanga, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni, kisha iacheni chupa itulie kwa saa kadhaa. Tope litajitenga juu ya mchanga kama mstari wa kahawia, na mstari huo ukionekana mnene, rudisheni mzigo.

Baada ya kumwaga, funikeni kwa magunia na kuyalowesha asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7 zisizopungua. Kazi hii wapeni watoto wakubwa kwa zamu iliyoandikwa ukutani. Matofali ya kufyatua nyumbani yanahitaji kumwagiliwa vivyo hivyo, kisha yakae hadi wiki nne zitimie kabla ya kujengewa.

Kwa hesabu ya matofali, chukueni kumi kwa kila mita ya mraba kwa yale ya inchi 18 kwa 9. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kuta tatu mpya za urefu wa mita 2.8 kina mita za mraba karibu 31. Ukiondoa mlango mmoja na dirisha moja, zinabaki 27, nayo matofali 285 yatatosha pamoja na yatakayovunjika.

Sakafu mpya ilingane na ya zamani baada ya vigae kuwekwa, kwa hiyo unene wa vigae na udongo wake utolewe kwenye kimo cha jamvi (zege la sakafu) mapema. Kenchi mpatieni seremala, na umeme mpatieni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Bati la nyongeza liingie chini ya lile la zamani kwa sentimita 30 au zaidi, na gata liwepo kabla ya mvua ya kwanza.

Mlango wa kuunganisha nyumba mbili hizi uje mwisho, chumba kikiwa kimeshaezekwa. Kwanza tegemezeni paa la zamani kwa nguzo za mbao ndani, toboeni nafasi ya lenta peke yake, mwageni lenta inayolala sentimita 20 ndani ya ukuta kila upande, na ipeni wiki mbili huku mkiilowesha. Ndipo mkate matofali yaliyo chini yake, mkishuka kozi (safu ya matofali) moja baada ya nyingine kwa patasi na nyundo ndogo. Plasta isipite juu ya lile povu la konani: ikomee pande zote mbili, na mwanya ufunikwe kwa ubao mwembamba uliopigiliwa upande mmoja tu, ili kila nyumba iweze kusogea bila kuivuta nyingine.