Somo: Rangi na Urembo wa Gitaa la Umeme, Kipi Kinagusa Sauti?

Kabla hujamlipa fundi akupakie rangi mpya au akubadilishie bamba la mbele ili sauti ipendeze, pitia hatua hizi.

Hatua ya 1: Jua sauti inakotoka. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya pikapu (kile kifaa cha sumaku na waya kilicho chini ya nyuzi) huvuruga uga wa sumaku, na umeme mdogo huzalika kwenye waya wa shaba uliozungushwa humo. Rangi haimo kwenye njia hiyo. Nitroselulosi, aina ya vanishi ya gitaa, hukaa nyembamba na huzeeka kwa kupendeza, nami naipenda sana, lakini ni kwa macho na mkono.

Hatua ya 2: Tenga plastiki na metali. Bamba la plastiki, liwe jeupe au jeusi, halina neno. Kifuniko cha pikapu ni habari nyingine. Kikiwa cha shaba ya njano, mikondo ya umeme huzunguka ndani yake na kula trebo, yaani sauti za juu. Cha nikeli silva (aloi ya shaba, nikeli na zinki) hula kidogo.

Hatua ya 3: Jaribu mwenyewe. Hapa ndipo wengi hupotea. Kwenye gitaa aina ya Stratocaster, pikapu zimefungwa kwenye bamba lenyewe, na huwezi kulitoa bila kulegeza nyuzi. Fundi hurudisha bamba jipya pikapu zikiwa juu kidogo, anafunga nyuzi mpya, nawe unasema bamba limeleta sauti! Kwa hiyo bonyeza uzi kwenye freti (kijiti cha chuma cha shingoni) ya mwisho, pima kwa rula kutoka pikapu hadi uzi, upande wa besi na wa trebo, uandike. Rekodi. Badilisha bamba, rudisha vipimo na nyuzi zile zile, rekodi tena. Mwenzako akuchezeshee bila kukuambia ipi ni ipi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, bamba la alumini je?*
Likiunganishwa na graundi (waya wa ardhi wa gitaa) hupunguza mngurumo. Ila ni metali karibu na koili, linaweza kula trebo kidogo.

*Nikiweka daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini, la dhahabu?*
Dhahabu yenyewe ni ngozi nyembamba tu. Daraja likiwa na uzito tofauti, hapo umebadilisha kifaa, si urembo.

*Napiga solo kwenye bendi, sauti imefifia. Nipake rangi upya?*
Hapana ndugu yangu. Anza na nyuzi mpya, kisha urefu wa pikapu. Halafu fungua uangalie poti, kile kidhibiti cha kuzungusha cha sauti: ya 500k (kilo-ohm 500) hupitisha trebo zaidi ya 250k, na bei yake haifikii hata kopo la rangi.